Maneno Aliyolishwa Marehemu

Ulizima redio, usikatae. Bunge lilipoanza kujadili mimba ukasema hayo ni mambo ya wanawake na mahakama, ukatafuta muziki. Sikio hakuwa na pa kuzima. Yeye ni mwandishi wa kumbukumbu za bunge: anavaa vipokea sauti, anachapa kila kinachotamkwa ukumbini, haongezi, hapunguzi. Ndiyo maana wenzake wakampa jina hilo.

Mchana ule mheshimiwa mmoja alisimama kupinga mswada wa kuwaruhusu madaktari kumwokoa mama mjamzito bila kungoja idhini ya mahakama.

"Mheshimiwa Spika, kulikuwa na binti. Alilazwa akivuja damu, amevaa sweta ya kijani aliyofumiwa na dada yake. Daktari alipotaka kuitoa mimba, binti akamshika mkono, akasema: niache nife, mwanangu aishi."

Makofi.

Sweta ile aliifuma Sikio. Binti yule alikuwa mdogo wake, na habari za saa zake za mwisho alimsimulia mtu mmoja tu: Kalamu, mchumba wake, anayemwandikia mheshimiwa huyo hotuba.

Akachapa. Hata makofi akayachapa, ndani ya mabano. Kisha akatoka koridoni, akapiga simu.

"Umemlisha mdogo wangu maneno."

"Sikio, sikutaja jina."

"Sweta umeitaja."

"Bosi alitaka kitu cha kugusa mioyo, mpenzi. Nilitaka watu wampende."

"Wampende kwa kufa?"

Akakata. Ujumbe ukaingia: *Nakuja kwenu jioni. Tusivunje harusi kwa sababu ya hotuba moja.*

Kalamu alipofika, mama yake Sikio ndiye aliyemfungulia. Macho mekundu, lakini usoni ana nuru ambayo Sikio hakuiona tangu mazishi.

"Karibu, mkwe wangu. Mmesikia redio? Wamemsema mwanangu." Akamgeukia Sikio. "Kumbe aliaga hivyo? Na wewe ulikuwa naye, muda wote huu unaninyima?"

Kalamu akamvuta Sikio jikoni, akanong'ona:

"Unaona? Amepata faraja. Mwachie."

"Na walioko wodini sasa hivi, tuwapelekee faraja ya redio?"

"Mswada utaanguka tu, hata nikinyamaza."

"Basi mwambie mama ukweli. Kesho mwombe mheshimiwa afute kauli. Fanya hivyo na harusi ipo, sitakukumbusha kamwe."

"Nitafukuzwa kazi."

"Utafukuzwa."

Kalamu akatazama sinki lenye vyombo. Alimpenda, hilo halina ubishi.

"Siwezi, Sikio."

Sikio akarudi sebuleni, akapiga magoti mbele ya mama yake.

"Mama, hakusema hivyo. Madaktari walijua mimba haiponi. Waliogopa jela, wakapeleka ombi mahakamani. Hakimu akaahirisha mpaka Jumatatu. Kila mlango ukifunguliwa, mdogo wangu anauliza: dada, hakimu karudi? Hakutaka kufa, mama. Alitaka kurudi nyumbani."

Mama hakulia. Alipapasa kitambaa cha kochi kama anayetafuta kitu alichokidondosha.

"Nani aliwapa yale mengine?"

"Mimi, mama," Kalamu akajibu kutoka mlangoni.

"Na mimi nilishaanza kumwombea dua aliyeyasema." Sauti yake ilikuwa ya chini kabisa. "Nenda, baba. Nenda tu."

Sikio alimsindikiza hadi nje, akamvulia pete.

"Bado nakupenda, Kalamu. Ila kila utakaloniambia nitajiuliza umeliandikia nani."

Kalamu aliitia pete mfukoni, akashika njia.

Mwandishi wa kumbukumbu haruhusiwi kusema, anaandika tu. Kesho yake Sikio alisimama na mama yake mbele ya wanahabari, akayatamka maneno ya kweli ya mdogo wake. Kabla ya jioni alikuwa amesimamishwa kazi. Mheshimiwa hajafuta kauli. Anasema mama mfiwa ametumiwa na wapinzani. Hakimu yuko kitini kwake. Na wodi haijawahi kukosa mgonjwa anayeuliza swali lile lile.

Kura bado haijapigwa. Ofisi ya mbunge wako unaijua vizuri, maana wakati wa kampeni ulikwenda kuchukua fulana. Nenda tena leo. Muulize atapiga kura ipi, na usiondoke mpaka akujibu.