Kufuli Lililoitika

Waliokuwepo jioni ile nitawataja kwa majina yao, ili pasiwe na mchanganyiko. Kwanza mimi, Cosmas Emorut, mwenye nyumba. Wa pili mjukuu wangu, Trizah Amoit, binti wa mwanangu Everlyne. Wa tatu mume wake, Michael Okal, mzaliwa wa Osieko, mchuuzi wa samaki, mgonjwa wa ini. Wa nne jirani yangu, Safia Hussein, mwenye duka. Watu humwita Mama Shamira, lakini jina lake ni Safia.

Na aliyekuwa nje. Huyo jina lake sikulijua, na silijui hadi leo.

Nilikuwa nimetoka kwenda dukani kwa Safia kununua sukari. Mvua ilikuwa imenyesha ikakatika, na foleni ya malori ya mpakani ilikuwa imefika hadi nyuma ya nyumba yetu hapa Malaba, injini zikinguruma, moshi wa dizeli umetanda juu ya tope. Safia alifunga duka mapema akanisindikiza, amjulie hali mgonjwa. Tulimkuta Okal ameketi sebuleni, jambo ambalo alikuwa hajalifanya kwa muda mrefu. Trizah alikuwa mezani na kompyuta yake.

Niseme kazi ya Trizah, kwa sababu bila hiyo mambo haya hayaeleweki. Aliifanyia kampuni moja ya Nairobi, akiwa nyumbani. Kampuni hiyo hutengeneza makufuli ya elektroniki yanayofungwa kwenye milango ya malori ya mizigo. Kufuli lenyewe Trizah hakuwa nalo. Alikuwa na kufuli la kuigiza, ndani ya kompyuta, ambalo lilijiona kuwa kufuli la kweli. Alinieleza kwamba kila chombo kikiwashwa, kuna programu ndogo inayoamka kwanza, ndiyo inayoamsha nyingine zote. Hiyo ndiyo aliyokuwa akiijaribu. Aliiharibu makusudi, aone kama itaamka. Lakini kabla ya kuiharibu alihifadhi hali ya kufuli zima, jinsi lilivyo dakika ile, akaipa hali hiyo jina. Kufuli likikataa kuamka, alilirudisha kwenye hali ile, nalo halikujua kwamba lilikuwa limekufa.

Likiamka lilisema, "Naam. Niko tayari." Hiyo ilikuwa sauti ya Trizah mwenyewe. Kampuni ilimwomba arekodi maneno ya kuwaambia madereva.

"Hii ya leo nitaiita nani?" akauliza. "Majina yameniishia."

"Iite Okal," mume wake akasema. "Angalau kuwe na Okal mmoja hapa anayeamka asubuhi bila kusukumwa."

"Wacha mzaha mbaya."

"Iite Okal, mke wangu. Ni jina zuri, halijatumika sana." Akaonja chai, akakunja uso. "Mzee, hii chai yenu ya Malaba ni maji ya kuoshea sufuria."

Safia akacheka. Hata mimi nilicheka. Trizah akaandika jina, akabonyeza.

Hapo ndipo tulipoisikia.

"Okal."

Sauti ya mwanamume. Ng'ambo ya ua, upande wa malori. Haikuwa kubwa.

Okal akafungua mdomo aitike. Safia akamziba kwa kiganja.

"Usiitike," akanong'ona. "Magharibi hii, humwoni anayekuita... unaitika nini?"

Kwetu Wateso ni hivyo hivyo, anayemwitikia asiyemwona huchukuliwa, na kwa Wajaluo wa kina Okal pia. Nilichukua tochi nikatoka. Hapakuwa na mtu. Tope lilikuwa laini, na halikuwa na unyayo hata mmoja.

*

Baada ya jioni ile Okal alizidiwa. Hospitalini walitupa dawa za maumivu, wakatuambia tukae naye nyumbani. Tulielewa. Akaacha kula, kisha akaacha kusema. Trizah alihamishia kompyuta chumbani, akafanya kazi kando ya kitanda, kwa sababu hakuweza kukaa mbali naye.

Mchana mmoja kufuli lilikataa kuamka. Akalirudisha kwenye hali aliyoihifadhi.

"Naam. Niko tayari," likasema.

Okal akaketi.

Nilikuwepo mlangoni. Nje jua lilikuwa kali. Okal alisugua macho, akasema, "Mbona hamjawasha taa?" Akainua mkono mtupu hadi mdomoni, akakunja uso. "Mzee, hii chai yenu ya Malaba ni maji ya kuoshea sufuria."

Hakuwa na kikombe. Harufu ya mvua na dizeli ikajaa chumbani, na madirisha yalikuwa yamefungwa.

Trizah alimkumbatia, akicheka na kulia. Mimi sikucheka. Nilikumbuka kilichofuata.

"Okal."

Safari hii ilikuwa karibu, jikoni. Na ilikuwa sauti ya mwanamke.

Uso wa Okal ukang'aa. "Ni mama."

Mama yake, Syprose, tulimzika mwaka uliotangulia. Nilimziba mdomo kwa mikono yote miwili, nikashikilia mpaka harufu ya mvua ikaisha.

Siku kadhaa alikuwa mzima. Alikula, alitania, aliuliza bei ya samaki. Lakini hakujua chochote kilichotokea tangu jioni ile. Kwake, Safia alikuwa ametoka dakika hiyo. Kisha ini likamrudisha kitandani, kwa njia ile ile, isipokuwa haraka zaidi.

"Nimeshajua, babu," Trizah aliniambia. "Nikilirudisha kufuli, na yeye anarudi."

"Na yule wa nje?"

Alifunika kompyuta kwanza.

"Ukirudisha hali, ni kufuli peke yake linalorudi. Walio nje hawarudi. Wanaendelea na saa yao."

"Kwa hiyo anajua tunachofanya."

"Anajua. Tena anajifunza."

Nilimwambia aache. Aliniangalia kwa macho mekundu. "Nikiacha nimzike lini, babu? Kesho? Nichagulie siku."



Akarudisha tena. Mkono mtupu, chai, sufuria. Niliyachukia maneno yale kama mtu anavyochukia mlio wa panya darini. Nilikuwa nimeketi kitandani tayari, mkono wangu umefunika mdomo wa Okal, mdomo wangu mwenyewe nimeufumba.

Nje ya mlango wa chumba, mtu akakohoa.

"Okal, mwanangu. Njoo nikuonyeshe kitu."

Ilikuwa sauti yangu.

Okal alinitazama. Akatazama mlango. Akanitazama tena, na nikaona kwamba hakuniamini mimi. Akaniuma kiganja hadi damu ikatoka. Sikuachilia.

Safia alikuja na ubani, akasoma dua zake kwa sauti ndogo. Alipomaliza hakuonekana mwenye raha.

"Mzee Emorut, huyu haondoki hivi. Ameita, na anataka kuitikiwa. Akiitikiwa atakwenda."

"Akiitikiwa na nani?" Trizah akauliza.

"Na aliyeitwa."

"Au na kitu kinachoitwa jina hilo," Trizah akasema polepole.

Safia alikusanya vitu vyake. "Dada, mimi hilo sijalisema. Usije ukanitaja."

*

Mara ya mwisho Okal aliishi asubuhi moja tu kabla ya kuzama. Jioni alikuwa akivuta pumzi, kisha kimya... kisha pumzi nyingine.

Trizah aliiweka kompyuta kifuani pa mume wake.

"Kule ofisini," akaniambia, "mitambo hulitumia swali kufuli langu, nalo hujibu, na mitambo haijui kwamba si kufuli la kweli. Hali hii inaitwa Okal. Akiita Okal, Okal huyu ataitika."

"Kwa sauti ya nani?"

"Yangu, babu. Haina nyingine."

"Trizah."

"Mwangalie. Mwangalie halafu uniambie niache."

Nilimwangalia. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu. Alikuwa kijana wa watu, hajafika miaka thelathini na tano. Nilitafuta neno la kumkataza mjukuu wangu, sikulipata, na mpaka leo sijalipata.

Akarudisha hali.

"Naam. Niko tayari."

Okal akafumbua macho. Mbona hamjawasha taa. Mkono mtupu. Nikamziba mdomo. Harufu ya mvua ikaja, na chini ya harufu hiyo kulikuwa na nyingine, ya tope lililokaa siku nyingi mahali pasipo na jua.

Nikangoja sauti itoke mlangoni.

Haikutoka mlangoni.

"Okal."

Nyuma yangu. Ndani ya chumba. Nilihisi pumzi yake shingoni, na pumzi hiyo ilikuwa baridi. Sikugeuka. Mimi ni mtu mzima, nimezika wazazi na watoto, na sikuweza kugeuka.

Trizah alikuwa akitazama juu ya bega langu. Alimwona. Sikumwuliza kamwe alichokiona. Akabonyeza kuliamsha kufuli upya.

"Naam," likasema, kwa sauti yake. "Niko tayari."

Kimya.

Hata malori yalizimika, foleni nzima, kana kwamba madereva wote wamegeuza ufunguo kwa pamoja.

"Haya," ikasema. Kwa upole, jinsi mtu anavyopokea mzigo wake dukani.

Kisha injini zikanguruma tena.

Okal alilala usiku kucha. Asubuhi aliomba uji, akala na mayai. Alikumbuka maumivu, alikumbuka siku zote alizolala. Hospitalini walimpima wakarudia kupima, wakauliza tulimpa dawa gani. Kanisani walitoa ushuhuda. Safia alituma salamu kwa mtu, yeye mwenyewe hakuja.

Kufuli la Trizah bado liliamka likiamshwa, lakini halikusema kitu. Trizah alilijaribu mara nyingi. Baadaye sauti yake mwenyewe ikaanza kukwaruza, kisha ikabaki mnong'ono. Okal alimchemshia tangawizi na limau, akamtania kwamba hatimaye amepata mke asiyegomba. Trizah alitabasamu.

Siku moja alinifuata nilipokuwa nikifunga mbuzi.

"Babu," akanong'ona, "nikiwa nje usiniite kwa jina. Sitajua kama ni wewe."

"Na wewe mwenyewe," nikamwuliza, "kuna hali yoyote uliyowahi kuiita Trizah?"

Akatikisa kichwa.

Okal amerudi kwenye biashara yake ya samaki, na afya yake ni nzuri. Trizah Amoit alifariki Alhamisi jioni.