Bi Somoe Hakukimbia

Mwahija aligeuka, fungu la changu mkononi, akakutana uso kwa uso na kamera. Soko la samaki la Kilwa Masoko asubuhi ile watu walikuwa wakipita ubavuubavu, na katikati ya zogo hilo kijana mwenye jinzi iliyochanika magotini alikuwa akimpiga picha bila hata salamu.

"Futa," Mwahija alisema.

"Dada, nilikuwa najaribu mwanga tu."

"Mwanga wote huu, wewe umeuona usoni kwangu? Futa."

Akafuta. Aliitwa Sadick, mtoto wa Magomeni, Dar, mwongozaji wa filamu. Alikuja kutengeneza filamu ya maisha ya Bi Somoe, mwanamke wa kwanza wa pwani hii kubeba kamera kwenda vitani, Kagera. Hakujua kwamba anayemkaripia ni mjukuu wa Bi Somoe, aliyelelewa naye tangu anatambaa na kurithi studio yake ya picha za pasipoti. Alipoambiwa, aliomba radhi mpaka wauza samaki wakamcheka.

Mapenzi hayana adabu, huingia bila hodi. Sadick akawa anapiga simu asubuhi na mchana kumuuliza laazizi wake amekula nini, naye akimjibu kwamba laazizi ana wateja. Siku Mwahija alipovaa dera la njano wakavuka pamoja kwenda Kilwa Kisiwani, Sadick alijikwaa mara tatu, akaambiwa atazame njia, magofu yako mbele. Mwahija alimpenda kweli. Akampa sanduku zima la picha za bibi yake, kwa sharti moja: asimzushie marehemu.

Mwezi wa pili wa kazi, Sadick na wenzake walikuwa wakipiga tukio la vita kwenye mashamba ya Kikole. Mwahija akampelekea wali wa nazi. Alifika wakati mwigizaji wa Bi Somoe anatupa kamera chini, anapiga mayowe, anakimbia kujificha mtaroni, huku askari wakimcheka. Wakarudia. Mara ya pili Mwahija aliliweka bakuli chini.

"Nani kakwambia haya?"

"Mzee Ambrosi. Alikuwa naye vitani, ameniapia."

"Ambrosi ni mtani wetu, Sadick."

Siku Bi Somoe alipozikwa, Mzee Ambrosi alivaa khanga za marehemu, akajitundika sufuria shingoni iwe kamera, akazunguka uani akipiga kelele kwamba mwoga huyo anakwenda. Wafiwa walicheka machozi yakiwatoka, maana ndiyo kazi ya mtani msibani. Kusini huku hakuna mtu anayechukua neno la mtani akalifanya ushahidi. Lakini Sadick utani alioujua ni wa Simba na Yanga.

"Ningejuaje?" alisema.

"Kila siku unaniuliza nimekula nini. Hili hukuniuliza."

Akaondoka. Simu kumi na nane hakuzipokea. Ya kumi na tisa alipokea ili adai sanduku lake. Sadick akajitetea kwamba mwenye filamu, kule Dar, amelipenda tukio lile kuliko yote na hataki kusikia likiondolewa.

"Basi kamuoe huyo," Mwahija alisema, akakata.

Lililomchoma ni kwamba filamu ikitoka, nchi nzima ingemjua bibi yake kwa uoga, na aliyefungua mlango ni yeye.

Ijumaa, baada ya swala, Mzee Ambrosi aliingia studio na mkongojo wake, Sadick nyuma akiwa amekumbatia sanduku. Mwahija akamwamkia, naye akaitikia marahaba bila tusi hata moja. Hilo lilimtisha.

"Kijana huyu amenieleza alichokifanya na maneno yangu," mzee alisema. "Leo utani nimeuacha nje." Akapandisha suruali. Ugoko ulikuwa na kovu refu, limejikunja. "Alikimbia, kweli. Nilikuwa nimelala uwanjani na mguu huu, wenzangu wote wamerudi nyuma. Yeye alikimbia kuja nilipo. Na kamera aliitupa kweli, apate mikono miwili ya kuniburuta."

"Mbona hukusema miaka yote?"

"Mtani hamsifu mtani wake. Na yeye hakutaka kusifiwa."

Mwahija alilia mbele yao wote wawili, akachukia kulia mbele ya mmoja wao.

Sadick aliliweka sanduku mezani. Alisema amempa mwenye filamu mambo mawili achague: tukio lipigwe upya kama lilivyotokea, au jina lake aliondoe na kazi ampe mwingine. Jibu halijaja.

"Na akikutoa?"

"Nitatoka. Nilitakiwa kukuuliza wewe kwanza."

Mwahija akanyanyuka, akatoa kabatini kamera ya bibi yake, ile ile, pembe moja imebonyea tangu Kagera. Ndani mlikuwa na mkanda wenye picha moja iliyobaki. Akampa.

"Nipige."

"Hii haina kufuta, Mwahija."

"Ndiyo maana nakupa. Ukimaliza, nenda kwa mjomba wangu Abilahi, mwenye kupokea posa zetu, ukaseme unachonitakia. Mimi nimechoka kuulizwa nimekula nini."

"Usitetemeke, mjukuu wa mwoga," Mzee Ambrosi alisema, akishusha suruali yake.

Mwahija alikaa kwenye kiti cha wateja, macho mekundu, hasira bado anazo, na hakutabasamu. Sadick akapiga.