Jini Aliyesingiziwa Ukuta

Mamamkwe aliufagia ule unga mwekundu asubuhi, na kufika adhuhuri ulikuwa umerudi, umejikusanya chini ya ukuta wa chumba chake. Matofali yalikuwa yanavuliwa nyuso. Ganda la mbele linabanduka, jembamba kama kigae, na nyuma yake panabaki shimo laini lenye unyevu. Akamwita mkwewe, fundi mwashi, kwa kuwa ndiye aliyeijenga nyumba hiyo.

Fundi aligusa ukuta mara moja tu, akajua. Matofali yale aliyatoa tanurini hayajaiva, akiharakia kazi nyingine, kisha akayapiga rangi ya mafuta yasionekane yalivyopauka. Maji ya ardhini yalipanda ukutani, rangi ikayazibia pa kutokea, na chumvi yake ikakaa humo ikisukuma nyuso za matofali mpaka zidondoke.

Akajipangusa vumbi mkononi.

"Hili si la ujenzi, mama," alisema. "Humu kuna jini."

"Jini? Kwenye chumba ninachosalia?"

"Wapo wanaokula udongo."

Tangu siku hiyo mama yule, na miguu yake inayovimba, akawa analala sebuleni, chini, kwenye mkeka.

Siku ya tatu fundi alikuja kujifanya anakagua. Jua lilikuwa utosini. Alipofunga mlango alisikia harufu ya udongo mbichi na moshi wa tanuri, halafu kru, kru, kru, kama ukucha unaokwangua kwa ndani, na sauti ile ikawa inamfuata kila anaposogea, akienda dirishani nayo iko dirishani, akirudi mlangoni nayo iko mlangoni, mpaka ikasimama usawa wa sikio lake, na kitu kikanong'ona bila hasira:

"Mimi sili udongo, fundi. Nilikuwa nimekaa zangu shimoni mnakochimba udongo wa matofali, sina neno na mtu. Mbona umenivika aibu yako?"

Uso wa tofali moja ukadondoka. Kisha mstari mzima. Fundi akatoka mbio, kiatu kimoja mguuni.

Mamamkwe akamleta mganga, mwanamke mfupi asiye na maneno mengi. Aliweka kiganja ukutani, akasikiliza.

"Nani alimtaja kwanza?"

Fundi akatazama sakafu. "Mimi."

"Basi simtoi kwa dawa. Alikuja kwa uongo wako. Sema kweli, na huyu mama asikie."

Akasema. Tanuri, haraka yake, rangi ya mafuta, yote, mkewe, binti wa mama huyo, amesimama mlangoni mkono mdomoni. Mwisho akaugeukia ukuta, akamtaka radhi jini. Ule mkwaruzo ukakoma. Harufu ikatoka taratibu dirishani, na chumba kikabaki chumba.

Mamamkwe hakugomba. Alisema tu, polepole, "Kumbe siku zote hizi ningelala kitandani kwangu."

Afadhali angemzaba kofi.

Kesho yake fundi alianza kuikwangua rangi, akang'oa matofali mabovu, akaweka yaliyoiva, akaupaka ukuta chokaa upate kupumua. Alifanya kazi wiki nzima bila kuinua kichwa. Siku ya kwanza, jua lilipokuwa kali, mamamkwe alimletea maji. Miaka yote alikuwa akimwita mwanangu.

"Karibu maji, fundi," alisema, akaiweka bilauri chini, akaondoka.