Shamba Safi la Mzee Haidar

Upande wa Pujini hakukuwa na shamba safi kama la Mzee Haidar. Mikarafuu yake ilisimama mlimani, na chini yake hukuti hata jani. Watu walisema unaweza kumwaga wali pale chini ukaula. Mzee Haidar akisikia maneno hayo hutabasamu na kuiweka kofia yake sawa. Sifa zilikuwa zake. Jembe lilikuwa la mkewe.

Mkewe ni Bi Kijakazi. Kila asubuhi, baada ya chai na muhogo, alipanda mlimani kukwatua. Alikwangua majani yote kwa jembe mpaka udongo ukabaki mtupu. Kisha alifagia majani makavu ya mikarafuu, akayakusanya na kuyatia moto. Sababu aliijua kila mtu. Karafuu zikidondoka wakati wa kuchuma, zionekane upesi na ziokotwe zote. Ndivyo alivyofundishwa na mama yake, na mama yake naye alifundishwa hivyo hivyo.

Jirani yao, Mzee Shaame, alikuwa mtu wa kulala mchana, wala hakuona haya. Shamba lake lilijaa majani.

"Shaame," Mzee Haidar alimtania siku moja barazani, "chini ya mikarafuu yako hamna chatu?"

"Akiwemo ndio vizuri," alijibu Mzee Shaame. "Atanilindia karafuu zangu."

Chini ya mlima kuna bonde. Bondeni Bi Kijakazi alikuwa na konde lake la mpunga. Hilo halikuwa la mume. Alilirithi kwa mama yake. Mpunga wa konde lile ndio ulioilisha nyumba tangu watoto wake wakiwa wadogo. Alilipenda kuliko chochote alichokuwa nacho, na hakuficha.

Masika ya mwaka ule mvua ilinyesha siku nne. Siku ya tano Bi Kijakazi aliteremka bondeni. Konde hakuliona. Aliona mchanga mwekundu tu. Miche ya mpunga ilikuwa imefukiwa, na ncha chache tu ndizo zilizochomoza. Huu ulikuwa mwaka wa tatu. Mwaka wa kwanza ilifukiwa pembe moja. Mwaka wa pili robo. Safari hii mchanga ulikuwa umemeza zaidi ya nusu. Bi Kijakazi alikaa juu ya tuta akalia.

Siku mbili baadaye binti yake, Ruweida, alikuja kutoka Chake Chake. Ruweida ni mtaalamu wa mazingira. Alisoma bara, akasoma na ng'ambo, na kazi yake ni kuchunguza jinsi udongo unavyomomonyoka. Alikuwa amepiga vigingi vya chuma katika shamba la baba yake na katika shamba la Mzee Shaame. Kwa miaka saba alikuja kila baada ya mvua. Alivipima vigingi kwa rula, akatia udongo katika vifuko, akaandika daftarini. Bi Kijakazi alifurahi sana kila mwanawe alipokuja. Alimpikia vizuri. Hata watoto wa jirani aliwafukuza wasije wakaving'oa vile vigingi.

"Twende ukaone konde langu," alimwambia.

Walipofika, Ruweida aliinama akachota mchanga. Akasema taratibu, "Mwaka huu umekuwa mwingi."

Bi Kijakazi akamgeukia. Mtu baki angepiga ukelele. Huyu, mwanawe wa kumzaa, hata hakushtuka.

"Ruweida, weye ulijua?"

"Mama..."

"Nakuuliza. Mchanga huu watoka wapi?"

"Mlimani, mama. Shambani kwetu."

"Vipi utoke kwetu, na shamba letu safi?"

"Kwa sababu ni safi," alisema Ruweida. "Tone la mvua lina nguvu. Likiupiga udongo mtupu huuvunja, na maji huuchukua mpaka huku chini. Kukiwa na majani, tone huangukia juu ya majani. Maji hupenya polepole na udongo hubaki mahali pake."

"Na kwa Shaame?"

"Kwa Mzee Shaame, kwa miaka saba, udongo umepungua kiasi cha ukucha. Kwetu umepungua upana wa vidole vitatu."

Bi Kijakazi aliitazama mikono yake. Ilikuwa na sugu za jembe. Kumbe konde lake alilizika mwenyewe kwa mikono ile ile. Kweli, kikulacho ki nguoni mwako.

"Na majani ninayoyachoma?"

"Hiyo ndiyo hasara ya pili. Kuna kitu kinaitwa kaboni. Kimo hewani, kimo katika jani, kimo katika mkaa. Mti hukivuta kutoka hewani ukajengea majani. Jani likianguka likaoza, sehemu ya kaboni ile hubaki ardhini. Udongo huwa mweusi na laini, na hushika maji. Ukilichoma, kaboni hurudi hewani pamoja na moshi. Udongo hubaki na njaa. Na kaboni ikizidi huko hewani, dunia huzidi joto na mvua huharibika majira yake."

Bi Kijakazi alikuwa ameyaelewa yote, na hilo ndilo lililomuuma. Hayakuwa maneno magumu.

"Miaka saba wayajua haya, na hukunambia?"

"Mwaka wa mwanzo nilimwambia baba. Akasema mtoto wa juzi hawezi kumfunza kulima. Nikanyamaza. Lakini niliandika, mama. Maandishi yangu yanasomwa mpaka ng'ambo."

"Kwa Kizungu?"

"Kwa Kizungu."

"Mie sijui Kizungu, Ruweida. Na konde langu halijui Kizungu."

Machozi yalimlengalenga Ruweida. Angeweza kuishia hapo, lakini alilitoa na lile lililobaki moyoni.

"Utafiti ulitaka mashamba mawili, mama. Moja lenye majani na moja lililokwatuliwa, nipate kulinganisha. Mngeacha kukwatua, vipimo vyangu vingeharibika."

"Kumbe ukija huji kututazama sie. Waja kututazama tunavyoangamia."

"Si hivyo, mama."

"Ni hivyo! Mie nakupikia, mie nakulindia vigingi vyako. Kumbe ni vigingi vya kaburi la konde langu."

Alirudi nyumbani peke yake. Siku mbili hakusema na mwanawe. Siku ya tatu alimkuta Ruweida jikoni akipepeta mchele wa dukani, kwani mpunga wa nyumbani ulikuwa umekwisha.

"Haya, mtaalamu," alisema, na sauti yake haikuwa na upole. "Nnambie tufanye nini."

Mzee Haidar alipoambiwa, alikuja juu. "Shamba langu liwe pori kama la Shaame? Watu watasema nini?"

"Waseme wanalotaka, Baba Ruweida," alijibu Bi Kijakazi. "Jembe lile pale ukutani. Ukitaka kukwatua, kakwatue mwenyewe."

Mzee Haidar alilitazama jembe. Akajishika kiuno. Mpaka leo hajalitwaa.

Ruweida alichukua likizo. Alifunga miti mitatu mfano wa herufi A, akaning'iniza jiwe kwa uzi kutoka kwenye ncha ya juu. Jiwe likitulia kwenye alama ya katikati ya mti wa kulala, miguu miwili ya ile A iko usawa mmoja. Kwa kifaa hicho walipata mistari inayokata mlima kwa upana, si ya kuteremka nao. Juu ya mistari hiyo walichimba makinga maji, na kando yake wakapanda mchaichai na mananasi. Walipokuta maji yamechimba korongo, waliziba kwa mawe na magogo. Nyasi zilikatwa kwa panga na mizizi ikaachwa. Majani ya mikarafuu yaliachwa yaoze. Msimu wa kuchuma ulipofika, walitandika turubai na mikeka mikuukuu chini ya mti. Karafuu zilizodondoka zilikusanywa upesi kuliko zamani.

Vigingi vya shamba la baba yake, Ruweida aliving'oa mwenyewe. Mkuu wake wa kazi hakupendezwa.

"Utafiti wa miaka saba, nawe umeuvunja?"

"Nimechelewa kuuvunja," alijibu Ruweida.

Tangu hapo, kila kijiji anachofanyia utafiti, hukaa kwanza na wenye mashamba. Huwasomea alichokipata kwa Kiswahili kabla hajakiandikia mtu mwingine.

Mwaka wa kwanza Bi Kijakazi hakuona tofauti. Mwaka wa pili maji yaliyoteremka bondeni yalikuwa yamepungua wekundu. Mwaka wa tatu yalitakata. Alikuwa amezoa mchanga kwa makapu, yeye na jamaa zake, wakaifufua nusu ya konde. Nusu ile ilimpa mpunga wa kujaza mapolo matatu. Nusu ya pili imeshindikana. Amepanda mihogo juu ya mchanga, nayo ni myembamba. Mikarafuu sita ya kileleni ilikufa, maana mizizi yake ilikuwa imekwisha kubaki wazi. Mzee Shaame alikuja kucheka, akacheka mpaka akachoka, na Mzee Haidar akavumilia.

Siku ya kula wali mpya, Ruweida alikuwepo. Bi Kijakazi alipakua.

"Ule udongo wetu uliokwenda, utarudi?" aliuliza.

"Utarudi kidogo kidogo, mama. Unene wa kidole kimoja huchukua miaka mia na zaidi."

"Basi mie sitauona."

"Hutauona."

"Wala weye."

"Wala mimi, mama."

Bi Kijakazi aliisogeza sahani mbele ya mwanawe. "Na ungalinambia mie mwaka ule wa mwanzo, leo tungalikuwa nao."

Ruweida aliinamisha kichwa.

"Kula, mwanangu," alisema mama yake. "Wali wapoa."