Brynn na Ahadi ya Kocha

Nyumba ya Marlene Kucera haikosi wageni, na mimi jirani yake huwa wa kwanza kufika. Jumapili ile tulijaa jikoni tukila mikate ya nyama na kabichi. Brynn, binti yake, alikuwa amejifungia chumbani.

Brynn anacheza mpira wa wavu. Miaka miwili kabla ya kumaliza sekondari, kocha wa chuo kikubwa hapa jimboni Nebraska alimpigia simu. "Nafasi kwenye timu ni yako, na ada tutakulipia." Brynn akakubali. Baba yake, Duane, akapaka mlango wa gereji rangi za chuo. Makocha wengine walipopiga simu, aliwaambia wasisumbue.

Kiangazi kile kocha yule alikuwa amehamia chuo kingine. Aliyechukua nafasi yake alisema yeye hakumwahidi Brynn chochote.

"Nilikwambia tuongee na wengine," Marlene alisema. "Ukanikatalia mbele ya watu."

"Tulishatoa neno," Duane akajibu. "Mimi nauza ng'ombe kwa kushikana mikono. Sijawahi kugeuka."

"Basi kamuuzie kocha ng'ombe."

Tulicheka. Duane hakucheka.

Lorna, jirani mwingine aliyewahi kuwa kocha wa chuo, aliweka kikombe chini. "Duane, ahadi ya mdomo haimfungi kocha. Na nyinyi haiwafungi. Kinachofunga ni mkataba wa ufadhili, na unasainiwa mwaka wa mwisho wa sekondari. Kabla ya hapo, mtoto aendelee kuongea na vyuo vingine."

"Huo si usaliti?"

"Usaliti gani, bwana? Kocha mwenyewe anaongea na wasichana wengine kila siku."

"Afanye nini sasa?" Marlene aliuliza. "Bila ufadhili, chuo hakuna."

"Awapigie wale mliowafukuza. Aulize: mtanilipia kiasi gani? Tunasaini lini? Wewe ukiondoka, itakuwaje? Halafu achague chuo ambacho angekipenda hata bila mpira."

Brynn alipiga simu mwenyewe. Wawili walikuwa wameshajaza nafasi. Wa tatu, wa chuo kidogo, alimkaribisha. Novemba wakasaini. Duane alisoma mkataba mstari kwa mstari, mpaka Marlene akamwambia, "Utazeekea hapo."

Machi, kocha huyo naye akaondoka. Nilikimbia kwenda kumpa Brynn pole. Nikamkuta anakaanga mayai.

"Mkataba ni wa chuo, anti, si wa kocha," akasema. "Wewe unakula mangapi?"