Mtoto wa Arobaini na Moja

Tik. Kitu kidogo kilianguka sakafuni kwenye giza la alfajiri, nje ya mwanga wa taa ndogo, kisha ikasikika mikono ya mama ikipapasa chini ya meza.

"Usiteremke kitandani," mama alinong'ona. "Sindano imenidondoka nikishona kifungo. Nisingependa tuitafute kwa nyayo."

Kidoti, aliyeitwa hivyo kwa sababu ya alama nyeusi shavuni, alikunja miguu akajifunika hadi puani. Neno sindano tu lilimsisimua mwili. Na siku hiyo, kuliko siku zote, hakutaka kulisikia.

Mama yake alikuwa mtunza kumbukumbu wa zahanati. Miaka miwili alisoma masomo ya jioni, mara nyingine Kidoti akisinzia kwenye dawati la nyuma, hadi akaweza kutengeneza kanzidata, yaani daftari kubwa ndani ya kompyuta linaloonyesha kila mtoto amepata chanjo gani na lini. Leo alikuwa anakwenda kuionyesha kwenye mkutano wa wataalamu wa kanzidata. Ikikubaliwa, zahanati kumi zingeitumia, na yeye ndiye angewafundisha wenzake. Shule zilikuwa zimefungwa, kwa hiyo Kidoti naye alikuwa anakwenda.

Kilichomnyima raha Kidoti, hakuna aliyekijua. Siku ya chanjo ya pepopunda shuleni, alijificha katika chumba cha mafagio mpaka muuguzi alipofunga sanduku lake. Jioni ile mama alikuja nyumbani na karatasi za darasa lao. Kazi hiyo ilikuwa na utaratibu wake: mmoja husoma, mwingine huchapa, kisha hubadilishana na kurudia upya ili kukagua makosa. Kidoti alisoma, mama akachapa. Alipofika kwenye jina lake, mahali pa alama palikuwa wazi.

"Amechanjwa," alisoma.

"Iliuma?" mama aliuliza bila kugeuka.

"Kidogo tu."

Mama alitabasamu. Walipomaliza hawakubadilishana. Mama alikuwa hoi kwa uchovu, na msomaji alikuwa mwanawe.

Ukumbi wa mkutano ulikuwa na zulia lililomeza sauti za viatu, na nyaya zilizobandikwa sakafuni kwa utepe ili watu wasijikwae. Kidoti aliketi safu ya nyuma, shingoni akining'iniza kitambulisho kilichoandikwa "Mgeni". Kila msemaji alipopanda jukwaani, alihesabu wamebaki wangapi kabla ya mama. Walibaki watatu. Wakabaki wawili.

Sauti ya mama ilitetemeka mwanzoni, kisha ikatulia. Majina ya watoto yalijaa ukutani, makubwa kama mabango. Kidoti aliliona lake, akashusha macho.

Mwenye uamuzi alikuwa mganga mkuu, mwanamke mwenye miwani mizito na maneno machache. Akauliza, "Binti yangu, kazi nzuri. Lakini tutajuaje kwamba yaliyomo ni ya kweli?"

"Nimekuja na daftari la muuguzi, mheshimiwa. Naingiza dozi zilizotumika, kompyuta inalinganisha yenyewe. Hilo nimelibakiza nilifanye mbele yenu, msije mkasema nimepika."

Watu wakacheka kwa wema. Mama akabonyeza kitufe. Mstari wa darasa la Kidoti ukawa mwekundu: Dozi 40. Watoto 41.

"Huyo wa arobaini na moja kachanjwa kwa mate?" mtu mmoja alitania, na safari hii kicheko kilikuwa cha aina nyingine.

Mganga mkuu alivua miwani. "Ama kompyuta yako haijui kuhesabu, ama muuguzi wako ametoa dozi bila kuiandika. Mpigie sasa hivi. Kama ni yeye, ataandikiwa barua."

Muuguzi huyo walizoea kumwita Dada Kalamu, kwa sababu kila mara alichomeka kalamu nyweleni kisha akaitafuta mezani. Hakuwa amekosa lolote. Kidoti alimwona mama akitoa simu mkobani, vidole vikikosea namba. Akisema, atachomwa sindano, na mama ataaibika mbele ya ukumbi mzima. Akinyamaza, barua itakwenda kwa Dada Kalamu. Alisimama kabla hajaamua. Akatembea hadi jukwaani.

"Mama, usipige."

"Rudi ukae, mwanangu. Nina kazi."

"Wa arobaini na moja ni mimi," alinong'ona. "Nilijificha."

Lakini kipaza sauti kilikuwa kimebanwa kwenye kola ya mama, juu ya kifungo kilichoshonwa alfajiri, nacho kikaupeleka mnong'ono ule hadi safu ya nyuma. Hakuna aliyecheka.

Mama aliirudisha simu mkobani. Kisha akaugeukia ukumbi. "Kompyuta imehesabu sawasawa, na muuguzi hana kosa. Mwanangu alisoma uongo, nami nikaruka utaratibu kwa sababu ni mwanangu."

Mganga mkuu alivaa tena miwani. "Nimeonyeshwa kompyuta nyingi zisizokosea kamwe," alisema. "Hii imedanganywa, ikasema. Tutaitumia, kwa sharti moja. Kubadilishana hakurukwi, msomaji awe nani awe."

Njiani mama alitangulia mbele bila kumshika Kidoti mkono, na jambo hilo lilimtisha Kidoti kuliko sindano. Mlangoni mwa zahanati mama alichuchumaa.

"Umeniaibisha, sitakuficha. Lakini si hilo lililonitetemesha. Ungekanyaga ile sindano ya alfajiri, au msumari wenye kutu, daktari angefungua kompyuta yangu, akasoma kwamba una kinga, akakufunga bandeji na kukurudisha nyumbani. Uongo wako ungekaa mle ukikusubiri wewe mwenyewe. Kuogopa si kosa, mwanangu. Ukiogopa niambie, tuogope wote wawili. Ila usiufiche woga ndani ya uongo."

Dada Kalamu alikuwa ameshasikia kwa simu yaliyotokea mkutanoni. "Kumbe wewe ndiye uliyetaka kunitafutia barua," alisema, akipapasa meza. Kidoti alimwonyesha kalamu nyweleni. Kisha akaona sindano, akafumba macho na kuukamata mkono wa mama kwa nguvu zake zote.

"Imeuma?" mama aliuliza baadaye.

"Sana," alijibu Kidoti, machozi yakimtiririka.

Dada Kalamu alisoma kwenye daftari, mama akachapa. Kisha mama akaigeuza kompyuta imwelekee Kidoti.

"Tunabadilishana. Sasa soma wewe."

Kidoti alifuta macho kwa kiganja, akausoma mstari wake mpaka mwisho.

"Nimechanjwa leo," alisema.