Sindano ya Marehemu Adelaïde

Kama unakula, maliza kwanza ndipo uje unisikilize. Hadithi hii si ya mezani, na mimi sitaki mtu aniambie baadaye kwamba nilimharibia ugali wake.

Ilianza na uzi. Mvua ilikuwa inanyesha kijijini Itebero, na Mama Emérence alikuwa amekaa mlangoni pa nyumba yake akimfundisha binti yake Colette kushona. Mtoto alikuwa bado mdogo, meno ya mbele ndiyo kwanza yanang'oka, lakini alikuwa amelilia kazi hiyo tangu siku alipomwona mama yake akipinda shuka kule foyer, nyumba ya mafunzo ya wanawake, kwa Masista.

"Lamba ncha ya uzi," Emérence akamwambia. "Ikisha ingiza mu tundu ya sindano. Polepole."

Colette akautia uzi kinywani. Ulikuwa kipande tu cha kujifunzia, kifupi kuliko mkono wake. Akauvuta. Akazidi kuuvuta. Uzi ukatoka mpaka ukagusa udongo wa chini, umelowa, una rangi ya usaha.

"Mama, iko tamu," mtoto akasema.

"Nini iko tamu?"

"Uzi. Iko sawa nyama."

Emérence akacheka, akajiambia labda alikata vibaya. Akafuta vidole kwenye kikwembe chake, lakini harufu ikabaki, harufu ya mihogo iliyosahauliwa majini. Akanawa kwa sabuni, akanusa tena, bado ipo.

Sasa nikuambie kosa lake, maana kosa lilikuwepo, na lilikuwa la kijinga kabisa. Muda si mrefu kabla ya hapo alikuwa amekufa jirani yao, bibi Adelaïde, mzee asiye na mtoto wala ndugu. Donda lilikuwa limemshika kinywa, likamla ufizi, likamla shavu, mpaka waliompelekea uji walikuwa wanauacha mlangoni na kukimbia, wameziba pua. Alipokufa, Emérence akaitwa kushona sanda, kwa kuwa ndiye aliyejua sindano kuliko wanawake wote pale. Na Itebero kila mtu, aliyebatizwa na asiyebatizwa, alijua jambo hili: sindano iliyoshona sanda hairudi nyumbani. Inachomekwa kwenye kitambaa, pale penye kinywa cha maiti, inaingia ardhini na mwenyewe. Inamfunga kinywa. Hata padri alikuwa anaiona, anageuza macho.

Lakini sindano ile, ya Adelaïde mwenyewe, ilikuwa nzuri bwana, ya chuma safi, haina kutu hata kidogo. Yake Emérence ilikuwa imevunjika, na kupata nyingine ilikuwa mpaka mtu atembee msituni mpaka miguu ivimbe. Na alikuwa amemwahidi mtoto. Basi, watu walipoinama kusali, akachomeka kile kipande kilichovunjika kwenye sanda, na nzima akaificha kwenye pindo la kikwembe. "Marehemu atashona nini?" akajisemea moyoni. Jamani!

Mwanzoni aliona raha. Colette hakutaka kuiacha sindano. Asubuhi anashona, jioni anashona, na mishono yake ilikuwa midogo, imenyooka, mmoja nyuma ya mwingine kama alivyofundishwa. Emérence akaanza kujisifu kwa majirani. Ndipo siku moja akakichukua kitambaa akiangalie vizuri, akakuta mtoto hashoni nguo. Alikuwa ameshona nzi. Nzi kwa nzi, safu kwa safu, kila mmoja amechomwa tumboni, na wengine walikuwa bado wanatikisa miguu.

"Colette! Uchafu gani hii?"

Mtoto alikuwa amekwisha kuchukua bakuli la viwavi waliowekwa kwa ajili ya chakula cha jioni, akawa anawashona wakiwa hai, na walipojikunja na kutoa maji ya kijani, akainama akayaramba. Emérence akatafuta kidonge cha uzi akinyang'anye, akakikuta juu ya rafu hakijaguswa. Uzi mtoto alikuwa anautoa katikati ya meno yake.

Mume wake, Floribert, alikuwa ameingia msituni kuwinda, hakuna wa kumwambia. Emérence akapika sombe, majani ya muhogo, akala mwenyewe kwa hofu. Tonge la pili kitu kikamkwama kwenye jino. Akakivuta kwa vidole. Kilikuwa uzi, akavuta, ukaja na mvi zimeuzunguka, na kwenye ncha yake kipande cha ngozi laini, nyeupe, iliyolowa. Akatapika nyuma ya nyumba mpaka tumbo likabaki tupu. Ule uzi alikuwa ameupika yeye mwenyewe, amekwisha kuula nusu.

Kesho yake Colette akaacha kusema. Akaacha na kula. Akawa anakaa tu, mashavu yamejaa, udenda mzito unamshuka kidevuni, na nzi wanamzunguka yeye badala ya kuzunguka jaa.

"Fungula kinywa, mama," Emérence akambembeleza. "Nione tu."

Mtoto akatikisa kichwa. Ndipo Emérence akamshika taya, akamgeuza kwenye mwanga wa mlango, akapanua midomo ile kwa nguvu, na mvuke wa joto ukamtoka mtoto, wa kaburi lililofunguliwa na mvua, na ndani yake akauona ulimi wa binti yake umeshonwa chini ya kinywa kuzunguka pande zote, mishono midogo, safi, imenyooka, mmoja nyuma ya mwingine, na ufizi umetobolewa tundu tundu, na kila tundu lina uzi, na kila uzi unatambaa polepole kuelekea mbele, kuelekea midomo, ambayo pembeni ilikuwa imekwisha kupata mishono miwili. Na kutoka chini kabisa ya koo, bila mdomo kutikisika, sauti ya kizee ikasema:

"Emérence. Unanifungia kinywa na kipande? Nitajifungia miye mwenyewe."

Alikimbia. Alimfunga mtoto mgongoni, akavuka mto maji yakimfika kiunoni, udenda ukimtiririka shingoni na ndani ya nguo, na hakusimama mpaka kwa mganga, mzee Nzabandora. Huyu alikuwa ameshuka zamani kutoka milima ya Masisi, anafuga mbuzi, hakubatizwa. Siku za misa Emérence alikuwa anampita bila salamu. Leo alipiga magoti kwenye mavi ya mbuzi zake.

"Papa Nzabandora, nisaidie. Mutoto wangu."

Mzee hakumwangalia hata mtoto. Alinusa tu. "Sindano iko wapi?"

"Sindano gani, Papa?"

"Mama Colette, usinidanganye. Mutoto iko ananuka sanda."

Akaitoa kwenye pindo, alikoirudisha baada ya kumnyang'anya mtoto. Mzee akaipokea kwa jani.

"Nilijaribu kukata ule uzi na kisu," Emérence akanong'ona. "Ulitoka damu, na mutoto akalia."

"Haukatwe. Unavutwa, mupaka mwisho. Mishono ikifika kati ya midomo, mutoto haitapumua tena, na yule mama atakuwa amepata kinywa yake. Leo, mbele ya jua kushuka. Utavuta na meno."

"Juu ya nini meno?"

"Sababu mikono itateleza. Na ni weye uliiba, haiko miye. Vuta, tema, vuta, tema. Usimeze ata mate. Ukimeza, anahamia kwako, na kule sina dawa."

Mzee akamlaza mtoto kwenye mapaja yake, juu ya jani la mgomba. Ncha ya uzi ilikuwa inaning'inia pembeni ya mdomo. Emérence akafumba macho, akaiuma. Ilikuwa vuguvugu. Akavuta, mshono wa kwanza ukaachia, usaha ukamjaa kwenye ulimi, akatema. Akavuta tena, akatema. Ulimi wa mtoto ukaanza kuachia kidogo kidogo, na uzi ukazidi kunenepa, una mabonge, una nywele, una vipande vinavyoteleza ambavyo alikataa kujiuliza ni vya nini, na alipotapika alitapika meno yakiwa yameuma vilevile, matapishi yakipita pembeni, kwa sababu aliogopa kwamba akiachia mara moja tu hatakuwa na roho ya kuuma tena. Rundo kwenye jani likawa kubwa. Lilikuwa linatikisika.

Kisha uzi ukagoma.

"Imekwama," akasema kwa meno yaliyofungwa.

Kweli, kwenye koo la Colette kulikuwa na uvimbe, unapanda na kushuka. Macho ya mtoto yakageuka. Kucha zikaanza kuwa za bluu. Visigino vikapiga udongo.

"Vuta, Mama Colette!"

Akavuta, damu ikaja, nyekundu, ya mtoto mwenyewe. Akaelewa kwamba akizidi atamchana koo.

Akafanya kitu ambacho hakuna mganga aliyemfundisha. Alikuwa amekifanya zamani, Colette alipokuwa wa kunyonya, anashindwa kupumua kwa mafua, kama kila mama wa pale anavyofanya: alimfunika mtoto mdomo na pua kwa kinywa chake, akanyonya. Akanyonya mpaka masikio yakalia. Bonge likapanda, likatoka, likamjaa kinywani, laini, la moto, na ndani yake kulikuwa na meno.

"Tema!" Nzabandora akapiga kelele. "Tema, mama!"

Lakini Colette alikuwa amepata pumzi. Alikuwa analia, kinywa kimepanuka wazi pale pale chini ya uso wa mama yake, na bonge lilikuwa limeisikia sauti ile. Lilikuwa limegeuka. Emérence alilisikia likisukuma midomo yake kwa ndani, linataka kurudi lilikotoka. Akaangalia kile kinywa kidogo kilicho wazi, mapengo ya meno na yote. Akakaza midomo yake. Akameza.

Mzee akakaa chini. Halafu akaenda mwenyewe kwenye kaburi, akachimba, akaichomeka sindano mahali pake. Aliporudi alisimama mbali na Emérence.

"Sindano ilirudi," akasema. "Lakini mwenyewe haiko mule. Sikia vizuri. Siku utafungula kinywa mbele ya ule mutoto, atarudi kwake. Siku moja tu inatosha."

Emérence akaitika kwa kichwa.

Floribert alirudi na nyama ya moshi mgongoni, amefurahi, anaita tangu njiani. Alimkuta Colette amekaa mlangoni anakula ndizi kwa mikono miwili, amenona, midomo safi. Mkewe alikuwa amesimama nyuma ya nyumba, leso imefungwa mdomoni, na nzi wamekaa juu ya leso.

"Mama Colette! Ata bonjour?"

Mkewe akamwangalia, machozi yakamtoka. Akakaza leso.

"Iko na nini, mama yako?" Floribert akamuuliza mtoto.

Colette akameza tonge lake kwanza.

"Mama hasemake tena, Papa," akasema. "Iko anachunga mutu mu kinywa."